Sungura wa Fundi wa Makongeni
Baridi ya Julai ile ilikuwa ikiwaua watoto wa sungura wangu, huku wa jirani wakinenepa. Jirani huyo alikuwa fundi wa reli mwenye vidole vinene, na kila asubuhi alivipasha moto kwa kikombe cha chai kabla ya kuwafunika wachanga kwa manyoya ya mama yao, akiwanong'oneza kwa Kikamba. Wivu ulinila. Siku nilipotupa uzao wa tatu kwenye pipa la taka, nikidhani wote wamekufa, alibisha mlangoni kwangu amevaa ovaroli ya kazi.

"Mama Ndindi, huyu nimemtoa pipani. Bado anapumua," alisema, akinionyesha kitoto kifuani mwake.

Nilipaswa kushukuru. Nikasema, "Basi mchukue na huyo!"

Akafunga vifungo vya ovaroli polepole, mkono mmoja ukimkinga, akaenda kazini.