Ngazi Iliyochovywa Hayes

Ukumbi wetu wa sala pale Kenton, London, ulikuwa karibu tayari. Zulia lilikuwa limetandikwa na kengele imefungwa. Ila mkaguzi wa kaunsil, yaani halmashauri ya mtaa, alipanda orofa ya juu, akafungua mlango wa nyuma, akaona hakuna pa kushukia. Akatuambia tukitaka kibali, tuweke ngazi ya chuma ya kushukia iwapo moto utazuka, tena isiyoliwa na kutu, maana mvua ya hapa haina msimu.

"Nitaitengeneza mimi," mume wangu akasema.

Wazee wakatazamana. Tulipokuwa Kisumu, mume wangu alikuwa na karakana ya kutengeneza matangi ya maji, lakini tangu tuhamie London alikuwa mpakiaji katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na hakuna kati yao aliyewahi kumwona akishika chuma. Mimi nilikuwa nimemwona.

Alichomelea vipande katika gereji ya jirani kila Jumapili, nami nikimshikia. Vilipokamilika tukavipeleka kwa lori la kukodi hadi kiwanda kimoja cha Hayes, chenye birika kubwa la zinki iliyoyeyushwa. Rangi hukaa juu ya chuma tu. Zinki hushikana nacho, na hata pakikwaruzwa, ndiyo inayoanza kuliwa, chuma kikasalimika.

Nyumbani tulizungumza Kigujarati, lakini maneno yetu ya kazi yalikuwa ya Kiswahili. Mume wangu aliponiambia, "Shika hapo, polepole," fundi wa birika aligeuka. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Unguja.

"Karibuni," akasema. "Nilidhani Kiswahili hapa kiwandani nakisema peke yangu."

Akazigonga nguzo za ngazi kwa kidole, akatikisa kichwa. "Umeziziba juu na chini, ndugu yangu. Unyevu ulio ndani ukipata moto utazipasua, na zinki itaturukia. Kila nguzo itobolewe ncha zote mbili, hewa ipite."

Mume wangu alitazama saa. Alitakiwa ghalani mchana ule ule, na kiwanda kilikuwa kimetupa nafasi ya kesho asubuhi tu.

"Nenda," nikamwambia. "Nitatoboa mimi."

"Utaweza?"

"Nimekutazama miaka mingi. Nenda kazini."

Fundi aliniletea drili na miwani. Nikaibana sari kiunoni, nikavaa koti la mume wangu juu yake. Tundu la kwanza lilikwenda upande. La pili likanyooka. Wanaume walikuwa wakipita na kunitupia macho, kisha wakazoea. Fundi aliniambia, "Pumzika, bibie," nikamjibu nitapumzika nikimaliza. Nilimaliza kabla hawajafunga, mikono ikiniwaka, na sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mkubwa kiasi kile.

Asubuhi yake tulisimama sote wawili nyuma ya uzio. Vipande vilikuwa vimeoshwa kwa tindikali, vimesuuzwa na kukaushwa. Winchi ikavishusha. Zinki ikachemka na kutoa moshi mweupe, nami nikamkamata mume wangu mkono. Hakuna kilichopasuka. Ubavu mmoja wa ngazi ulikuwa mrefu kuliko birika, kwa hiyo fundi aliuchovya nusu, akaugeuza, akachovya nusu ya pili. Ulipanda juu ukimeremeta, umejaa yale maua ya zinki tuliyoyajua kwenye mabati ya nyumbani.

Fundi aliukagua kote. "Zinki imeshika vizuri," akasema. "Hakuna pengo."

Mume wangu alitoa leso akafuta uso.

Ngazi ilipofungwa ukumbini, mkaguzi aliipanda hadi juu, akatikisa vyuma vya kushikia, akashuka akatupatia mkono wa pongezi na kibali. Siku ya kufungua ukumbi, wazee walewale walimwomba mume wangu atangulie kupanda. Akasema hapandi bila mimi. Tukapanda pamoja, fundi wa Unguja, tuliyemwalika, akitupigia makofi kutoka chini, na kabla vyakula havijaisha, wenye maduka wawili walikuwa wamemzunguka mume wangu wakimuuliza lini ataweza kuwafanyia kazi.