Na Huyu Mwingine

Siku hizi majina ya marehemu hupita kwenye skrini. Nilirudi Kitengela Novemba hii kwa Misa ya kuwaombea marehemu wote, nikakuta parokia yetu ya zamani imetundika runinga kubwa ukutani, upande wa kwaya. Watu hutuma majina mapema kwa simu, na vijana huyapanga yapite polepole huku kwaya ikiimba. Jina la nyanya yangu lilipita, nikafanya ishara ya msalaba, kisha nikaendelea kukodoa macho hadi skrini ikazimwa. Unanijua, rafiki yangu, kutulia si kazi yangu, na siku hiyo nilijipindapinda kwenye benchi hadi mama aliyeketi mbele yangu akageuka kunitazama. Nilikuwa namtafuta mtu ambaye nilijua vizuri kabisa kwamba hawezi kuwa pale.

Ngoja nikueleze. Baba alitoka magharibi kuja kufanya kazi kiwandani, akatupangia nyumba ya mabati pembeni mwa Kitengela, enzi zile ungeamka ukute pundamilia wamesimama karibu na kamba ya kuanikia nguo. Nyanya, mama yake, alikuja kutusalimia tu, akakaa hadi uzee ukamzidi. Alikuja na omena zake, unga wake wa wimbi, na sauti yake. Hakujua kunong'ona. Wafu wake wote tuliishi nao mle ndani. Akisonga ugali anamtaja dada yake aliyependa ukoko, radi ikipiga anamtaja babu aliyejificha chini ya kitanda. Nilikua nikiwafahamu watu ambao sikuwahi kuwaona.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kimaasai, mfugaji, na mwanajumuiya wa Mtakatifu Monika kama sisi. Tulimwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Asubuhi alituletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, na chai ya nyumbani ikawa na ladha ya moshi ambayo mpaka leo naiulizia hotelini na siipati. Sisi watoto tuliinamisha vichwa mbele yake, naye akatugusa utosini. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu. Kitinda mimba wake alikuwa rika langu. Tukitoka shule tulichunga mbuzi pamoja, na nikisema tulichunga, elewa kwamba mbuzi walijichunga wenyewe.

Nikiwa darasa la tatu mvua ilinyesha kupita kiasi, na korongo tulilovuka kwenda shule likajaa. Huyo mtoto wa Yeyo, rafiki yangu, alisombwa na maji akimfuata mbuzi aliyebaki ng'ambo. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Niliposhuka kitandani, alikuwa ameshazikwa, na jina lake lilikuwa limeondoka pamoja naye. Kwao Yeyo mtu akishafariki, jina lake halitajwi tena nyumbani mwake. Ndugu zake walijua, na sisi tukaelezwa kwa upole.

Nyanya hakuelewa hata kidogo. Katika kanisa letu, siku ya marehemu, mtu alisimama alipoketi, akataja wafu wake kwa sauti, na kanisa zima likaitikia kwamba wapumzike kwa amani. Nyanya aliamini kwamba marehemu asiyetajwa hukaa toharani kama mgonjwa asiyeletewa uji wodini. Wenzake wanaitwa, wanaondoka, yeye yupo tu. Nami nikaamini. Ugali ukawa haunishuki. Darasani mwalimu alinichapa kwa kutazama dirishani, kumbe nilikuwa nikimwona rafiki yangu kwenye benchi refu, akichezesha miguu, akisubiri mtu amtaje.

Basi wale wanawake wawili walibishana, kila Novemba ilipofika, jikoni kwetu, wakichambua mboga kwenye ungo mmoja.

"Hata watakatifu ni marehemu," nyanya alisema, "na tunawataja kila siku. Jana tumewaimba wote."

"Hao si watoto wangu," Yeyo akajibu.

"Basi tutaje ile jina ya ubatizo peke yake."

"Hata hiyo ni yake, Koko," Yeyo akasema, maana ndivyo alivyomwita nyanya kwa lugha yao.

"Sasa Mungu atajuaje tunaombea nani?"

Yeyo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hakuwa anamjua?"

Nyanya akakata sukuma kwa hasira hadi zikawa kama za kulisha vifaranga.

Usidhani Yeyo alikuwa amesahau. Ni yeye aliyeanzisha habari ya daraja. Alisimama kwenye baraza la chifu, mbele ya wanaume, akasema watoto wa hapa hawataenda tena na maji. Chifu akasema serikali itaangalia. Serikali haikuangalia. Katekista akatangaza kwamba jumuiya yetu haitangoja, kwamba raia mwema na Mkristo mwema ni mtu mmoja, na kila Jumamosi baada ya rozari tukabeba mawe. Wanaume walichanganya saruji, kina mama walipika githeri, na sisi watoto tulibeba vijiwe na kuvigombania. Yeyo alibeba mawe makubwa kuliko ya wanaume fulani ambao sitawasema. Daraja la miguu lilipokamilika, chifu alifika kulifungua akiwa amevaa kofia yake, akapendekeza lipewe jina la marehemu mtoto. Nikaona Yeyo ameshika mkono wa nyanya kwa nguvu, maana nyanya alikuwa ameshafungua mdomo. Likaitwa Daraja la Monika.

Novemba iliyofuata, nyanya alisimama kanisani. Akamtaja babu, dada yake, na wale wengine wote. Kisha hakuketi. Kanisa lilingoja. Padri alingoja. Mimi nilikaza miguu chini ya benchi, maana nilimjua nyanya na mdomo wake. Yeyo alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

"Na huyu mwingine," nyanya akasema, akaketi.

Watu waliitikia. Hakuna aliyeuliza ni nani. Nilifurahi hadi nikataka kupiga makofi, na usiku huo sikumwona tena rafiki yangu kwenye lile benchi refu. Kuanzia hapo nyanya alisema hivyo kila mwaka, hata mwaka wa mwisho aliposimama akishikiliwa na baba.

Sasa skrini haina nafasi ya kusema na huyu mwingine. Ndiyo maana nilitoka kanisani nimefura. Nje, mahali pa malisho ya mbuzi pamejengwa maghorofa, korongo limefunikwa kwa zege, na daraja letu halipo. Nilimkuta Yeyo kwenye kiti kivulini, mzee kabisa, mjukuu wake akizungumza kwa simu kando. Niliinamisha kichwa na misuko yangu yote, akanigusa utosini.

"Yeyo, hawajamwombea," nikasema, bila hata kumsalimu vizuri. "Mwaka huu hakuna aliyemwombea."

Akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Wacha hiyo. Mungu hasomi runinga." Kisha akanivuta mkono nikachuchumaa, akamwangalia mjukuu, akashusha sauti. "Wewe ndiye ulikuwa unacheza na yeye. Wengine wote wameenda. Niambie, alikuwa anacheka aje?"

Nilifungua mdomo. Jina lake lilikuwa pale pale ulimini, la nyumbani na la ubatizo, yote mawili, nimeyatunza miaka hii yote kwa hofu kwamba yatapotea. Niliona magoti yake yenye vumbi. Niliona viatu vyake vya tairi, na fimbo yake. Nilijua kwamba alicheka, alicheka kila siku tulipotoka shule, hadi mbuzi wakashtuka. Nilisikiliza na kusikiliza, na sikusikia kitu.

"Nimesahau, Yeyo," nikasema, machozi yakinitoka.

Hakuniachia mkono. "Hata mimi," akasema. "Hata mimi, mtoto wangu."