Jicho la Kereng'ende Juu ya Mto

Mdogo wangu wa kike alirudi Masalani kutoka chuo akiwa na kamera inayoenea kiganjani. Alitueleza kwamba programu yake imeiga chembe hai za jicho la kereng'ende, zile zinazomwezesha kumwona mbu akiruka mbele ya majani yanayotikisika. Huchuja kila kilichotulia na kubakiza kinachokwenda. Alitaka kuitega juu ya mahali tunapoteka maji ya Tana, kwa sababu tangu mto upungue, mamba walikuwa wanasogea kwetu.

Eedo, shangazi aliyetulea, alitazama skrini. Mto ulikuwa mweusi, na mbuzi waliokuwa wakitembea walionekana kama cheche.

"Hii kitu inaona mimi?" akauliza.

"Ukitembea, eedo."

"Na nikisimama?"

Mdogo wangu akajibu, "Unapotea."

Mwanzoni ilifanya kazi vizuri. Kenge akikatiza maji, king'ora chake, kinachoamshwa na chochote kinachosogea majini, kililia. Wanawake wakaacha desturi ya mmoja wao kusimama ukingoni na mawe. Nilimwambia mdogo wangu kwamba utulivu ule wa ukingo usio na mlinzi haunipendezi. Akanijibu kwamba hata mimi nitazoea.

Alasiri moja nilikuwa kwenye kibanda karibu na mto, mbele ya skrini. Eedo aliteremka akiwa mweupe, anang'aa. Alipochuchumaa kujaza mtungi alififia, ukabaki mkono peke yake. Maji yalikuwa meusi matupu. Kisha nukta ikawaka kando ya mkono ule, na king'ora kikalia pamoja na sauti yake.

Tulimkuta ameanguka kwenye matope. Mamba alikuwa amemshika mkono pamoja na shali. Shali ikachanika, akaponyoka. Alipona, ila vidole viwili havikunjiki mpaka leo.

Jioni tulifungua picha za kawaida, zisizochujwa, tukazirudisha nyuma. Macho mawili yalikuwa palepale majini kabla eedo hajafika, kabla mbuzi hawajanywa, hata kabla ya adhana ya adhuhuri. Wanawake wengine walikuja, wakateka, wakaondoka. Macho hayakusogea.

"Haikukosea," mdogo wangu alisema polepole. "Ilifanya nilichoiambia."

Aliing'oa kamera kesho yake, akarudi Nairobi. Wanawake wakarudia mawe yao. Bado anaifanyia kazi programu ile, na kila anapopiga simu huniuliza kwanza kama maji yamepanda. Namwambia hayajapanda. Mchanga umejitokeza hadi katikati, na wanaoteka sasa huteremka mbali zaidi.