Betri ya Simu ya Msimbati

Watu wakisikia nilikuwa fundi mitambo wa simu Mtwara, hudhani nina visa vingi. Ninacho kimoja tu, na laiti nisingekuwa nacho.

Kabla minara ya simu za mkononi haijafika kwetu, mradi mmoja ulitaka zahanati ya Msimbati ipate laini ya ISDN, ili nesi atume ripoti kwa kompyuta na apige simu hospitali ya mkoa bila kusubiri. Laini ile haina pumzi. Kwa waya wa shaba, ikitoka mjini haifiki hata Naliendele. Kwa hiyo tulifunga kadi mbili, moja kwenye mitambo yetu mjini, nyingine ndani ya kisanduku ukutani mwa zahanati, zikawa zinasemezana kwa mawimbi ya redio. Ile ya Msimbati ilikula umeme wa betri moja kubwa iliyochajiwa na sola. Niliifunga kwa mikono yangu, kichwa kikavimba.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa hapohapo Msimbati. Akaja kunitazama kazini, akauliza ile simu ya zamani ya zahanati, ya kukoroga kwa mkono, inakwenda wapi. Nikamwambia nimeamuru waya ushushwe na nguzo zing'olewe.

"Mdogo wangu," akasema, "usiache mbachao kwa msala upitao."

Nikamcheka. Nikamwambia yeye akakoroge uji wake, mitambo aniachie mimi. Mjinga mimi!

Disemba ile dada alikuwa na mimba ya miezi minane, na binti yake wa kwanza alikuwa anatoka unyagoni. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Mwali akitoka, hakuna anayemtazama baba; watu wanataka kujua mjomba kaleta nini. Mimi nilileta muziki: spika mbili na amplifaya ya kuazima, nimevipakia kwenye lori kutoka mjini. Kufika, betri ya muziki imekufa. Wanawake wanapiga vigelegele, wakwe wamekaa kwenye mikeka, na mimi mtu wa mjini nimesimama na spika bubu. Aibu iliyoje! Nikaenda zahanati.

Nesi alisimama mlangoni. "Fundi, hiyo si betri ya simu?"

"Jumapili nani atapiga simu?" nilimjibu kwa ukali. "Nimeifunga mimi, nitairudisha mimi."

Muziki ukalia asubuhi yote. Dada alimchezea mwanawe taratibu, mkono kiunoni, kisha akaja kunifunga khanga begani mbele za watu. "Mjomba mtu!" wakapiga kelele. Nilifurahi, wallahi. Sijapata kufurahi vile tena.

Saa nane mchana dada akakaa chini ghafla. Khanga yake ilikuwa imelowa damu. Tukambeba hadi zahanati, nesi akamtazama mara moja tu, akasema, "Gari la wagonjwa. Sasa hivi."

Nikaing'oa betri kwenye muziki, nikakimbia nayo. Nikafunga nyaya. Taa ya kadi ikawaka nyekundu, ikafifia, ikazimika. Muziki ulikuwa umeinyonya yote, na mawingu yalikuwa yametanda, sola haitoi kitu. Nikasugua vichwa vya betri kwa kisu, nikafunga tena. Wapi! Dirishani niliona mashimo ya nguzo za zamani, hata mchanga ulikuwa haujayafukia. Tukamtuma mtu mjini kwa baiskeli. Gari lenyewe kijijini halikuwepo; lori lilikwisha ondoka.

Dada alikuwa kwenye kitanda, upande wa pili wa pazia, binti yake kando yake.

"Imeita?" akauliza.

"Imeita, dada. Wanakuja."

Kila baada ya muda akauliza wamefika wapi, nami nikamjibu. Wametoka mjini. Wako njiani. Wako Madimba. Mara ya mwisho akasema, "Basi wamekaribia." Nesi alinitazama, akarudi nyuma ya pazia. Dada alifariki kabla ya alasiri, na mtoto tumboni. Wakati huo mwenye baiskeli alikuwa bado anasukuma kwenye mchanga.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi mjukuu huyu nimemlea mwenyewe. Simu za mkononi zilipofika, kadi zile zikaachwa na hakuna aliyekuja kuziulizia.

Yule mwali naye akapata simu yake. Siku moja akanipigia kuniambia amepata mchumba.

"Mjomba, bila wewe hawaniozi, kwa hiyo njoo," akasema. "Siku ile mama aliniambia nisilie, gari liko Madimba."

Nikakaa chini, simu sikioni.

"Njoo, mjomba," akasema tena. "Ila muziki usilete."

Nilikwenda mikono mitupu.