Milango Iliyotazamana

Greda likipita kuparua barabara, hata leo, huacha ninachofanya. Sauti ile ya chuma kukwaruza changarawe hunirudisha barabara ya Bariadi kwenda Maswa, mwaka serikali ilipotuhamishia kijijini, nikiwa darasa la tatu. Niwaambie ukweli, ndugu zangu: sirudi huko kwa furaha. Narudi kwa aibu.

Kabla ya hapo kila kaya ilikaa peke yake ndani ya ua wake wa minyaa. Tukaletwa barabarani, tukapangwa mistari miwili, milango ikitazamana. Sisi tulitoka ng'ambo ya mto, wengine upande wa Lalago, na penye njia panda palikuwa na duka la Mzee Salumu, aliyetufundisha watoto Kiswahili kwa kukataa kutuuzia chumvi tukiomba kwa Kisukuma. Walioteseka zaidi ni kuku. Hawakuwahi kuona lori la pamba, na msimu ule wa kwanza tulikula kitoweo mpaka tukachoka.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, kwa kuwa mama alikwishafariki na baba alikuwa kibarua Mwanza. Mlango wetu ulitazama wa Mayu Kabula, mjane kama bibi. Mayu ni mama, ndivyo tulivyowaita wanawake wazima wote. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mmoja alisimama mlangoni akaita salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka!" na mwenzake akaitikia, magari yapite yasipite. Kisha mmoja alivuka, wakachambua pamba pamoja na kuteta watu wa kijiji kizima.

Bibi alikuwa na siri. Mara mbili kwa wiki aliaga kwamba anakwenda kutafuta kuni, kumbe alirudi kwenye kaya yetu ya zamani, jambo lililokatazwa. Siku moja alinichukua. Nyumba ilikuwa bado imesimama, na ghalani mlikuwa na mtama wake wa mbegu. Alifagia uwanja, kisha akafagia zizi tupu, maana babu alizikwa humo, kama azikwavyo mwenye kaya kwetu. Akapiga magoti, akamsalimia kama yu hai. Tukirudi akanionya nisimwambie mtu. Mbali na sisi wawili, aliyejua ni Mayu Kabula tu.

Wiki ileile Landrova ilisimama shuleni. Ofisa mmoja, suruali imenyooshwa pasi, akatuuliza darasani kama tunawajua wazee wanaorudi mahame, yaani kaya zao za zamani. Wenzangu wakainamia madaftari. Lakini mimi nilikuwa nasifiwa kwa Kiswahili changu, na kiherehere changu hakikuwa na dawa. Wakati wa mapumziko nilimfuata kwenye gari. Nikamweleza kwa sentensi ndefu, safi: njia, mto, zizi, mpaka idadi ya vyumba. Akanipigapiga begani akasema mimi ni msichana hodari. Nilirudi nyumbani nikirukaruka, jamani, nikirukaruka.

Siku mbili baadaye bibi alirudi mapema, bila kuni. Nyumba ilikuwa imechomwa, na ghala, na mbegu zote. Hakulia. Alikaa chini, mgongo ukutani, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Aliyejua ni mmoja tu," akasema.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Mdomo uliokuwa mwepesi mbele ya ofisa ukawa mzito.

Asubuhi Mayu Kabula akaita kama kawaida. Bibi akaingia ndani. Kwetu kutomwitikia mtu salamu ni kumzika mzimamzima. Mayu Kabula aliita tena kesho yake, akaita wiki nzima. Baadaye akawa anasimama tu mlangoni, kisha anaenda zake shambani. Ikawa hivyo kwa miaka sita, na mimi nikila, nikilala, nikienda shule, nimenyamaza.

Bibi alipofariki, Mayu Kabula ndiye aliyevuka barabara wa kwanza. Jikoni, yeye akisonga ugali wa waombolezaji, nilianza kubabaika kwamba kuna jambo nataka kumwambia. Hakuacha mwiko.

"Nilijua siku ileile ya moto, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Binti yangu alikuwa nyuma yako pale kwenye gari. Nilimwambia anyamaze. Ningesema, bibi yako angebaki na nani ndani ya nyumba ile?"

Nilishusha pumzi, nikidhani nimesamehewa. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akizungumzia msamaha wangu hata kidogo. Alikuwa na rafiki mmoja duniani, hatua ishirini kutoka mlangoni pake, na angeweza kumrudisha kwa sentensi moja. Akaimeza kila asubuhi kwa miaka sita, ili bibi abaki na mjukuu wa kumpenda.

Na mimi, jikoni pale, hata neno la radhi sikutoa. Nilimwambia tu kwamba ugali umeiva.