Siku Tatu za Amsterdam

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Ruqaya, kuliko siku zote nilizowahi kusafiri. Ni siku niliyokimbia ndani ya stesheni ya treni ya Amsterdam nimemshika mama yangu mkono, yeye kakumbatia bakuli la halua kifuani, mimi viatu nimevivua, na sote wawili tunacheka kama watoto waliotoroka chuoni.

Nimeanza na siku hiyo kwa sababu ya swali lako la juzi. Ulikuja hapa Ibra na mumeo kutoka Nizwa, ukakaa kwenye zulia langu, ukafungua simu na kunionesha ile meli refu itakayotuchukua sisi watatu mwezi ujao juu ya mto Danube, tuingie Ujerumani tutokee Hungary. Moyo wangu uliruka, kwa umri huu wangu. Tangu siku ile nimeshafungua kabati mara nne kuangalia nguo za kuchukua, na dada wa kazi ananicheka. Kisha ukaniuliza: "Shangazi, meli ikishatushusha tunazo siku nne za ziada. Tukae Vienna, tukae Budapest, au tupande treni tukaone Prague? Wewe unapenda wapi?"

Nikakujibu, "Popote, mwanangu. Mimi mkia tu, kichwa kikenda nami nimo." Ukafurahi, ukaandika Prague, ukanywa kahawa yako, ukaondoka.

Sasa nakwambia kabla hujamaliza kupanga: lile jibu halikuwa jibu. Nisikilize kwanza, kisha hoteli utaitafuta.

Miaka ishirini na mitano nyuma nilikuwa nasomesha jiografia skuli ya wasichana. Mito ya Ulaya niliijua kwa moyo, inapotoka na inapomwaga maji, na sikuwahi kuuona hata mmoja. Huku kwetu wadi, lile bonde kavu la mto, linajaa maji siku mbili, watu wakatoka na magari kwenda kulitazama, kisha yanarudi mawe. Basi nilipopata nafasi ya kusafiri kwa meli ya mtoni, kutoka Uswisi kushuka na mto Rhine mpaka Uholanzi, nilikuwa siwezi kukaa kitako. Mume wangu alikubali kubaki na watoto. Nikamchukua mama yangu.

Siku moja kabla ya soko letu la kila Jumatano hapa Ibra, mama akiwa anachambua mchele, nikamsimamia mbele na karatasi zangu. "Mama, meli ikifika mwisho tuna siku tatu za ziada. Unataka tukae wapi?"

Hakuinua uso. "Popote, mwanangu. Popote utakapo wewe."

Nikachagua Amsterdam. Nilitaka kuona maua, na madaraja, na jumba la picha. Kweli nilimuuliza, na kweli alinijibu, na mimi nilijiona mtoto mwema kupita kiasi.

Sikia sasa jambo nisilolijua wakati ule. Mama alizaliwa Mkunazini, mjini Unguja, na alikuwa na shoga yake akiitwa Bi Shekha. Walikaa mlango kwa mlango, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, wakatogwa masikio siku moja. Yalipotokea mapinduzi kila mmoja alitupwa upande wake. Mama akaja kuishia hapa Ibra, na Bi Shekha akaolewa na daktari, wakahamia Ujerumani, kwenye mji unaoitwa Koblenz. Mimi nilimjua kwa jina tu, yule anayeleta kadi kila Idi. Ilikuwa karibu miaka arubaini hawajaonana. Na Koblenz, mwanangu, iko ukingoni mwa mto Rhine. Meli yetu ilitia nanga pale pale.

Tulifika Koblenz siku ya Jumatano, asubuhi, jua limechomoza. Nilimkuta mama kwenye sitaha keshavaa baibui lake jipya, kajifukiza udi sijui kwa namna gani kwenye chumba kile kidogo, na lile bakuli la halua ya Nizwa alilolibeba tangu nyumbani liko juu ya mapaja. Safari nzima hakutaka lifunguliwe. Nikamwambia, "Mama, weka hiyo halua ndani, basi linatungoja, tunakwenda kuona ngome." Akaniangalia. Akasema, "Haya, mwanangu." Akaenda kuiweka.

Tukazunguka ngome. Wallahi ngome ya Nizwa ni nzuri zaidi. Tuliporudi, mama alisimama sitahani muda mrefu akiutazama mji ukirudi nyuma, nami nikampiga picha, nikiona anafurahia mandhari. Picha hiyo ninayo bado, na uso wa mtu anayefurahia mandhari siuoni.

Wazee walisema moyo wa mtu ni msitu, lakini ule msitu wa mama ulikuwa na njia, na mimi nilipita nje yake na ramani yangu mkononi.

Amsterdam tulifika Ijumaa. Siku ya kwanza nikampeleka mama kwenye madaraja, siku ya pili kwenye jumba la picha. Alishukuru kila kitu, na alipochoka alikaa kwenye benchi akavuta tasbihi. Siku ya tatu, Jumapili, ndiyo ilikuwa ya maua, na Jumatatu tuna ndege. Saa moja asubuhi simu ya chumbani ikalia. Alikuwa mjomba wangu wa Manah, kaka yake mama, Mungu amrehemu, mtu wa mitende na wa ulimi mkali.

"Haya," akasema, "Shekha hajambo?"

"Shekha gani, mjomba?"

"Shekha wa Mkunazini. Mama yako tangu kusikia habari ya safari hii hana jina jingine. Kamwandikia barua kuwa anakuja Jumatano. Hakukwambia?"

"Nilimuuliza anataka kukaa wapi, akasema popote."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mgeni akiingia kwako ukamwambia karibu chakula, akasema alhamdulillah nimeshiba, wewe humpakulii?"

"Nampakulia, mjomba."

"Kwa nini, na keshasema kashiba?"

"Kwa sababu anaona haya."

"Basi mama yako umemnyima ambacho mpita njia humnyimi. Mpita njia unamkaribisha mara tatu, na ukiona bado hataki kula unamuapia. Mzazi wako umemuuliza mara moja, ukaondoka. Yule hataki kukuharibia safari yako, ndiyo maana kakwambia popote. Funga simu hii umtie mama yako kwenye treni."

Masikio yaliniwaka moto. Niligeuka, mama amekaa kitandani anajifanya anakunja kanga.

"Mama, twende kwa Bi Shekha."

"Ah, mbali, mwanangu. Nawe ulitaka kuyaona maua."

"Mama, unataka twende?"

"Utachoka bure. Umeshahangaika sana na mimi."

"Mama, wallahi leo haendi mtu kwenye maua."

Akainuka, na hapo ndipo nilipoona kuwa baibui keshavaa na halua iko mlangoni. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamshika mkono tukatoka mbio. Viatu vyangu vipya vilikuwa vinanikata, nikavivua pale stesheni, watu wanatutazama, treni inataka kuondoka, na mama, mwanamke wa maneno machache, ananiambia, "Kimbia, mwanangu, kimbia." Sijapata kufurahi namna ile safarini. Njiani tukabadilisha treni mara moja, na njia nzima mama alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima uliopita. Alinieleza vipi Bi Shekha alivyovunja mtungi wa maji akamsingizia yeye, na vipi yeye alivyopigwa akanyamaza.

Tulifika saa sita na nusu. Kutoka gatini ilipotia nanga meli yetu ile Jumatano mpaka nyumbani kwake ni dakika kumi na tano kwa miguu. Mlango ukafunguliwa na kibibi kidogo cha suruali, kanga mabegani.

Mama akasema, "Mtungi ulivunja wewe."

Bi Shekha akamjibu, "Na bado sijakiri."

Wakashikana pale mlangoni, na mimi nikaangalia ukuta kwa sababu sikuwa na pengine pa kuangalia. Kisha Bi Shekha akatukalisha, akasema kwa sauti ya kawaida tu, wala si ya kulaumu, "Biriani nililipika Jumatano. Alhamisi nikalipasha moto. Ijumaa nikawapa majirani. Leo mtakula viazi."

Tulikula viazi, na halua, na wao wawili waliimba nyimbo za wasichana za zamani mpaka machozi yakawatoka kwa kicheko. Nilikwenda kunawa mikono nikapita chumba kilicho wazi. Kitanda kikubwa, shuka mpya, mito miwili sambamba. Bi Shekha alikuja nyuma yangu. "Hicho kimetandikwa tangu Jumatano," akasema. "Tulitaka tulale kama utotoni, tuzungumze mpaka mmoja asinzie. Siku tatu zingetosha. Inshaallah mara nyingine."

Saa kumi na moja tulikuwa na treni. Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini wangu alizaliwa palepale, nimesimama mlangoni mwa chumba kile.

Mara nyingine haikuja. Mwaka uliofuata magoti ya mama yalikataa safari, na baada ya hapo Bi Shekha akatangulia mbele ya haki. Mama hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Wageni walipomuuliza habari za Ulaya alikuwa akitabasamu na kusema, "Nzuri. Nilikaa saa nne."

Basi hiyo ndiyo habari. Na sasa, kwa kuwa aibu ya mama ilitugharimu siku tatu, mimi yangu naitupa hapa mbele yako. Prague siitaki. Nasikia ni nzuri, nendeni nyinyi siku nyingine mkiwa na miguu yenu ya ujana. Mimi nataka Budapest, siku zote nne, kwa sababu ya hamamu. Nimeambiwa pana maji ya moto yanatoka chini ya ardhi, majumba ya mamia ya miaka yenye kuba, na hamamu moja ina siku ya wanawake peke yao. Nataka kuingia mle mpaka shingoni, nimefumba macho, magoti yangu haya yapumzike. Niliona haya kukwambia. Nilisema mtu mzima kama mimi akitaja kuoga huko Ulaya watu watasemaje. Nilimsomea mama yangu somo hili moyoni kwa miaka ishirini na mitano, na uliponiuliza wewe nikajibu maneno yake yaleyale. Haya basi, mzee naye anafunzwa.

Mwanangu, kuchagua mji ni kazi nyepesi, miji yote ina picha nzuri. Zile siku chache za baada ya safari ndizo siku pekee ambazo hakuna nahodha wala ratiba, kwa hiyo mtu huziwekea lile analolitaka kweli, na huona haya kulisema. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ukimuuliza mtu mzima wa kwetu akakwambia popote, muulize tena. Akisema usijisumbue, kaa kitako umuulize mara ya tatu, na mtazame mikono yake amebeba nini. Muulize hivyo hivyo na mumeo, maana naye nilimuona juzi akitikisa kichwa tu, na mwanamume wa watu ana lake. Na wewe, siku ukiwa mzee, mwanao akikuuliza, mwambie mara ya kwanza. Usimtie kwenye mtihani asioujua.

Mungu akufikishe salama utokapo na urudipo. Akupe macho ya kuona ya mbele yako na subira ya kuuliza mara tatu. Akujaalie watu wa kuwakimbilia na treni isiyokuwa imeshaondoka. Amin, mwanangu. Nishike mkono unapopita mlangoni, nami nitakuwa nimeshavaa.