Asubuhi Beldina alipokimbiza sukuma wiki yake nyumba kwa nyumba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Umande haujakauka kwenye majani, na Beldina Aoko ameinama kati ya matuta ya sukuma wiki, akichuma jani moja moja kutoka chini ya shina. Huko chini shamba linapoishia kwenye mafunjo, ziwa limetulia. Kuku wanamfuata nyuma, wakipekua udongo uliolowa mvua ya jana.

Kabla ya kufunga fungu la kwanza, anasuuza jani moja kwenye ndoo, analikunja na kulitafuna likiwa bichi. Jentrix, muuza mboga wa soko la Nyalenda, amesimama kando na gunia lake tupu, akimtazama mpaka ameze.

"Si Jentrix aliyeniambia nifanye hivi," Beldina ananiambia huku akijifuta mdomo. "Ni mimi mwenyewe. Siwezi kumpa mtu mboga ambayo mimi sijaila."

Beldina ana miaka arobaini na saba. Shamba lake ni nusu ekari pembezoni mwa Nyalenda, mjini Kisumu, ambalo mumewe, Joram Obonyo, alirithi kwa babake. Majirani humwita Nyar Usenge, yaani binti wa Usenge, kwa sababu alizaliwa huko kwenye ufuo wa wavuvi na kukulia kwenye nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwani. Huko ndiko alikojifunza kufuga kuku, akiwalisha vumbi la omena lililochanganywa na pumba za mahindi.

Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja. Mvua za Machi zikianza anapanda, Aprili anachuma, na majani yaliyotobolewa na viwavi anawatupia kuku. Kuku nao walimpa mbolea. Fungu la sukuma wiki aliliuza shilingi ishirini, yai shilingi kumi na tano, na kwa hayo mawili watoto watatu walisoma mpaka kidato cha nne.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya Aprili mwaka jana.

Siku hiyo alichuma mafungu hamsini. Thelathini yalichukuliwa na Jentrix. Ishirini yalichukuliwa na Selpha, mpishi wa shule ndogo ya chekechea iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka shambani, ambaye hupikia watoto themanini chakula cha mchana. Beldina anakumbuka kwamba kichwa kilimuuma kidogo alipokuwa akichuma. Alidhani ni njaa.

Saa moja na nusu aliwatupia kuku yale majani mabovu, akaingia jikoni kuchemsha chai. Alipotoka na kikombe mkononi, alihisi kuna kitu kimepungua. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni kelele.

"Kuku hamsini na nane hawanyamazi hivyo," anasema. "Nikaenda nyuma ya nyumba. Jogoo alikuwa anazunguka kama mlevi, mate yanamtoka. Akaanguka mbele yangu. Wengine walikuwa wamelala tu, shingo zimepinda. Nilisimama hapo na chai yangu mkononi."

Wazo lake la kwanza lilikuwa kideri, ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima. Lakini alikuwa amewachanja Januari. Tena kideri huchukua siku, na hawa walikuwa wakifa mbele ya macho yake. Kufikia saa mbili na nusu walikuwa wamekufa hamsini na saba.

Aliyebaki alikuwa tetea mmoja aliyeatamia ndani ya kikapu jikoni, akiwa na vifaranga kumi na wawili waliototolewa siku mbili kabla. Hao walikuwa wazima kabisa. Beldina aliwatazama, akarudi nje, akamtazama jogoo. Kipande cha jani la sukuma wiki kilikuwa bado kinaning'inia mdomoni mwake.

Tetea wa jikoni hakuwa amekula majani.

Alimpigia simu mumewe. Joram ni mwashi, na asubuhi hiyo alikuwa kwenye mjengo huko Manyatta.

"Nilimuuliza, 'Baba Frankline, jana nikiwa matangani Usenge, kuna mtu aliingia shambani?' Akacheka. Akaniambia, 'Kwani umeshaona? Viwavi wote wamekufa, sivyo?'"

Beldina anasema kati ya yote yaliyotokea siku hiyo, kile kicheko ndicho kinachomrudia zaidi, kwa sababu kilikuwa cha mtu mwema.

Joram, ambaye sasa yuko kando akitengeneza mlango wa banda, anaeleza mwenyewe bila kuinua macho. Wiki hizo viwavi walikuwa wametoboa majani vibaya, na mkewe alikuwa akiwatoa kwa mkono mmoja mmoja kila jioni. Akamhurumia. Mkewe alipoenda msibani, aliazima bomba la kunyunyizia dawa, akanunua dawa kwa mtu mmoja anayetembeza dawa za mifugo kwa baiskeli. Aliuziwa ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya soda.

"Aliniambia inaua kila mdudu," Joram anasema. "Nilitaka Mama arudi akute shamba safi. Nikasema sitamwambia, aone mwenyewe."

Ilikuwa dawa ya kuua kupe wa ng'ombe.

Beldina alikata simu. Anasema hakufikiria kuku tena. Alifikiria watoto themanini, na Selpha ambaye huwasha jiko saa tatu.

Oduor, mwendesha bodaboda wa mtaani, alikuwa akipita barabarani. Beldina alipanda akiwa na kanga kiunoni na kandambili za rangi tofauti. "Alinigonga mgongo njia nzima," Oduor anakumbuka. "Nikamuuliza, 'Mama, kwani kumeharibika wapi?' Alisema tu, 'Chekechea. Chekechea.'"

Kwenye jiko la shule vitunguu vilikuwa vimeshaanza kukaangika. Sukuma wiki ilikuwa imekatwakatwa, imejaa karai mbili, na Selpha alikuwa ameinua karai ya kwanza.

"Weka chini," Beldina alimwambia.

"Nyar Usenge, umepatwa na nini?"

"Selpha, weka chini. Hiyo mboga imeua kuku wangu wote."

Selpha anasema hakuelewa mara moja. Aliiweka karai sakafuni taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka, kisha akakaa chini kando yake. Darasani, upande wa pili wa ukuta, watoto walikuwa wakiimba nambari kutoka moja hadi ishirini. "Niliwasikia wakifika ishirini, wakaanza tena," anasema. "Ndipo nikaepua vitunguu." Siku hiyo watoto walikula uji.

Saa tatu na nusu Beldina alikuwa sokoni. Jentrix alikuwa ameuza mafungu kumi na moja. Aliposikia habari, alimvuta mwenzake kando ya kibanda.

"Nilimwambia, 'Unataka kunimaliza? Watu wakisikia hapa, nani atanunua kwangu tena?'" Jentrix anasimulia, akiwa na aibu kidogo. "Nilimwomba tuwatafute walionunua polepole, bila watu kujua."

Beldina alikataa. Alisimama kati ya vibanda akasema kwa sauti kwamba yeyote aliyenunua sukuma wiki kwa Jentrix asubuhi hiyo asiile, kwamba ina sumu, na kwamba mwenye shamba ni yeye. Watu walikusanyika. Mmoja alimsukuma, mwingine akamwita muuaji. Yeye akaendelea kurudia maneno yaleyale mpaka sauti ikakauka.

Tangazo hilo lilileta mafungu manne papo hapo. Kwa mengine, Jentrix alifunga kibanda, wakaanza kugonga milango, huku Oduor akiwasubiri kila kona. Mama mmoja alikuwa ameweka sufuria mezani. Mwingine alikuwa amempa bintiye mdogo kikonyo cha mboga achezee. Kufikia saa tano walikuwa wamepata mafungu kumi.

La kumi na moja lilikuwa limenunuliwa na Bildad Karanja, muuza vipuri vya pikipiki aliyehamia Kisumu kutoka Nyeri miaka mingi iliyopita. Walimkuta dukani. Alikuwa ameshalituma nyumbani, Manyatta, kwa mkewe, Mumbi. Alipiga simu mara tatu. Haikushikwa.

Walikwenda naye, wakamkuta Mumbi amelala sakafuni jikoni. Jasho lilikuwa limemlowesha, mate yakimtoka, na misuli ya uso ikitetemeka. Alikuwa na mkutano wa chama cha akiba mchana, kwa hiyo alipika mapema, akala sahani moja peke yake.

"Nilipomwona nilijua nimeua mtu," Beldina anasema. "Nilitaka hata Karanja anipige. Hakunipiga. Alisema tu, 'Shika miguu, tumbebe.'" Wakamweka kwenye tuktuk.

Pale hospitali daktari aliuliza swali moja: sumu gani? Hakuna aliyejua jina. Wakati huo Joram aliingia, saruji ikiwa bado mikononi. Alikuwa ameacha kazi, akakimbia nyumbani, akapita uani walikolala kuku ambao mkewe aliwalisha kwa miaka, akachukua ile chupa ya soda na kuja nayo, kwani Beldina alikuwa amempigia simu njiani kumwambia wanakoelekea. Daktari aliinusa, akatazama mboni za Mumbi zilizosinyaa kama ncha ya sindano, akaagiza dawa.

Mumbi alilazwa siku nne. Alipona.

Waliaula, afisa wa mifugo aliyefika shambani jioni ile, alipasua kuku mmoja na kumwonyesha Beldina gole, ule mfuko wa chakula shingoni. Lilikuwa limejaa majani yanayonuka dawa. Anasema hata dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mboga ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma, na hii haikupaswa kugusa mboga kabisa. Muuza dawa wa baiskeli hajaonekana tena mtaani, ingawa taarifa iliandikwa polisi.

Joram aling'oa sukuma wiki yote na kuifukia kwenye shimo moja na kuku. Kwa wiki kadhaa hakukaa mezani na familia. Alikula akiwa amesimama mlangoni. "Hakuna aliyemfukuza," Beldina anasema. "Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Lakini utamlaumuje mtu mpaka mwisho kwa sababu alikuhurumia?"

Shamba lilikaa bila mboga mpaka mvua za vuli, na kwa miezi mitano hakuna aliyenunua hata yai kwake. Alirudi Usenge kwa dadake, akaanika omena za watu kwa kibarua cha shilingi mia tatu kwa siku. Vifaranga kumi na wawili walikua, wakataga. Leo ana kuku thelathini na wanne, na viwavi anawatoa kwa mkono tena, safari hii na Joram.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa Mumbi. Alikuja Jumamosi moja na kapu, akasema anataka mafungu mawili. Beldina alikataa kumuuzia. Mumbi akaingia mwenyewe kati ya matuta, akachuma.

"Nilimwambia ukweli," Mumbi anasema. "Wewe ungenyamaza, mimi ningekufa na hakuna mtu angejua nilikula nini. Sasa nikatae mboga yako ninunue kwa mtu nisiyemjua?"

Jentrix alifuata mwezi uliopita. Shule bado. Selpha amemwombea nafasi ya kurudi, na mwalimu mkuu amesema uamuzi ni wa wazazi. Watakutana Ijumaa hii saa tatu, na Beldina ameomba kusimama mbele yao asimulie mwenyewe, tangu chupa ya soda mpaka karai ya Selpha, kisha aulizwe chochote.

Wengi wa wazazi hao hawajawahi kusikia habari hiyo kutoka kinywani mwake. Wapo wanaovuka barabara wakimwona.

Nilimuuliza kama anakwenda kuomba msamaha.

"Nitaomba," alijibu, akifunga fungu la mwisho la Jentrix kwa uzi wa mkonge. "Lakini msamaha wanaweza kunipa na bado wakanunua kwingine. Mimi ninataka waniangalie vizuri, wakubali au wakatae. Wakikubali, Jumatatu nitapeleka mafungu ishirini."

Ameshapanda tuta la ziada.